Mstari Usiopasuka

Katika miaka yangu ya kusoma Ulaya nilifanya kazi mbili. Moja ilikuwa kemia, nyingine ilikuwa kudharau watu, na hii ya pili niliifanya kwa bidii zaidi. Niliwadharau wenzangu wa maabara kwa sababu hawajawahi kukamua ng'ombe, kisha nikiwa peke yangu chumbani niliwadharau watu wa kwetu kwa sababu hawajawahi kufanya kitu kingine. Nilimdharau mwenye nyumba wangu kwa chai yake ya maji maji. Mtu ovyo kabisa. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia huko mbele.

Kwetu ni Nainokanoka, juu kwenye baridi ya Ngorongoro, lakini sikuzaliwa hapo. Nilizaliwa chini, upande wa mbuga za Serengeti, na mwaka 1959, mimi nikiwa shule ya bweni, watu wetu waliambiwa wahame wawapishe wanyama. Nilipofunga shule nikaambiwa kwetu si kule tena. Aliyemhamisha mama na mifugo ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja na mimi, maana baba alikuwa ameshafariki. Hawajakaa vizuri, ukaja ule ukame uliotangulia Uhuru. Ng'ombe walikufa wamesimama. Zizi la kaka, ambalo zamani ng'ombe walikuwa wanakanyagana humo kwa wingi, lilibaki na kumi na mmoja.

Mimi sikuwepo. Mimi nilikuwa nasoma. Watu hupenda kusikia kwamba nilichaguliwa kwenda shule kwa sababu ya akili, na kwa miaka mingi niliwaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba kila boma lilitakiwa kutoa mtoto mmoja, na wakanitoa mimi kwa kuwa nilikuwa mchungaji mbovu. Nilikuwa napoteza ndama. Kaka alikuwa akirudi jioni kuwatafuta ndama niliowapoteza mimi, na hakunipiga hata siku moja. Nilipopata nafasi ya kwenda Ulaya, akatoa dume mmoja katika wale wachache ili ninunuliwe koti zito na viatu. Koti lile nililiona la kishamba nilipofika, nikalificha chini ya kitanda.

Kazi yenyewe niliyokuwa nafanya, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi. Unachukua kitu chako, unakiyeyusha, unakitia kwenye mrija wa kioo mwembamba kuliko kalamu, unauteremsha mrija katikati ya sumaku kubwa inayojaza chumba. Mrija unazungushwa kwa hewa. Unaipigia sampuli mawimbi ya redio, na viini vya atomi vilivyomo ndani vinajibu, kila aina kwa sauti yake. Kalamu ya mashine inachora majibu yao kwenye karatasi ndefu: mstari unakwenda tambarare, halafu ghafla unapanda juu na kushuka. Huko kupanda na kushuka ndiko sisi tulikokuwa tunakuita mstari.

Sehemu yangu ilikuwa fosforasi na florini, zikiwa zimeshikana. Fosforasi ikiwa peke yake huchora mstari mmoja. Ikishikana na florini moja, mstari unapasuka vipande viwili. Ikishikana na florini mbili, vitatu. Tatu, vinne. Ni jambo zuri sana kulitazama, sitalikana hata leo. Kalamu inatetemeka, inapanda mara nne, na unajua bila kugusa wala kuonja kwamba ndani ya mrija ule kila fosforasi imekamatana na florini tatu. Nilikuwa nasimama pale na koti langu jeupe nikijiona nimekuwa Mungu mdogo.

Sasa, mimi nina meno ya kahawia. Watu wengi wa pande zetu wanayo, waliokulia maji ya chemchemi za chini yenye magadi. Ulaya nilijifunza kucheka mdomo umefungwa. Siku niliposoma kwamba kinachochafua meno ni florini, niliwaandikia nyumbani barua ya majigambo. Nikasema ile rangi kinywani mwangu ina jina, inaitwa florini, na mimi mdogo wenu sasa nina mashine ya kuiona hata ikijificha. Barua zangu zilikwenda kwa mwenye duka mmoja wa Karatu, mzee Mwislamu aliyekuwa akiwawekea watu wa juu barua zao chini ya kaunta, na kaka alishuka kuzichukua. Mwalimu wa shule ya misheni alimsomea. Nadhani alisomewa mara nyingi, maana baadaye alikuwa anaijua kwa moyo.

Baada ya miezi kadhaa nikapata jibu, pamoja na kikopo cha ugoro kilichofungwa kwa uzi. Ndani ya kikopo hamkuwa na ugoro. Kulikuwa na unga wa kijivujivu. Barua iliandikwa na yule mwalimu, lakini maneno yalikuwa ya kaka mtupu:

"Mdogo wangu, tunakusalimu. Ng'ombe wamezidi kutafuna mifupa. Mmoja amekabwa na mfupa amekufa. Bwana mifugo anasema wanakosa fosforasi, hiyo unayosoma wewe. Dukani Karatu kuna unga wa mashamba ya ngano wenye fosforasi. Mwenye duka anasema yeye anajua ni mbolea, hajui kama ng'ombe anaweza kula, amekataa kuniuzia mpaka nikuulize. Angalia kama ndani yake kuna ile florini iliyokuharibu meno. Ninasubiri neno lako, sitawapa kabla."

Kwa wakati huo kaka alikuwa amejikongoja mpaka akafika ng'ombe ishirini na kitu. Ndio waliokuwa chakula cha mama, cha mke wake na cha watoto wake wanne. Hapakuwa na shamba wala mshahara. Na swali lake, ukilisoma sasa kwa utulivu, lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa na maprofesa wangu, maana alitaja kitu chenyewe kwa jina lake na akasema atakaa asubiri. Mimi nililisoma nikacheka. Nilimwonyesha mwenzangu mmoja kile kikopo cha ugoro, tukacheka wote.

Niliyeyusha unga kwenye asidi, Ijumaa mchana, haraka haraka kwa sababu zamu yangu ya mashine ilikuwa inaisha. Nikatia kwenye mrija. Kalamu ikaenda tambarare, ikapanda mara moja, ikashuka. Mstari mmoja, umesimama safi pale pale unapotakiwa kusimama mstari wa asidi ya fosforasi, hauna ufa wala mkunjo. Fosforasi imo. Na kwa kuwa mstari haujapasuka, florini haimo. Ilinichukua muda wa kunywa chai.

Aliyekuwa akiitunza mashine ile alikuwa fundi mmoja wa makamo, mtu mpole asiye na digrii yoyote, na kwa sababu hiyo nilikuwa namjibu kwa mkato. Akaniuliza, "Hutaangalia na upande wa florini yenyewe?" Kuangalia upande wa florini kulitaka kubadilisha kifaa cha redio na kupanga foleni hadi wiki ijayo. Nikamwambia hakuna haja, fosforasi imeshasema. Akanyanyua mabega akaendelea na kazi zake.

Jumatatu akanijia na ule mrija niliousahau na asidi yake ndani. Kioo kilikuwa kimefifia, kimekuwa na ukungu ambao hautoki kwa kuoshwa. Akauliza nimetia nini humo. Nikamjibu kwamba aulize sabuni yake, kwamba kama angejifunza kuosha vyombo mirija yetu isingeharibika. Aliutazama kidogo kwenye mwanga wa dirisha, akautupa kwenye pipa. Mtoto wa sekondari anajua ni kitu gani kinachokula kioo. Mimi nilikuwa nimefundishwa, nimejibia mtihani, nimepata alama zote. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa miwani ya mbao.

Barua niliyomjibu kaka ilikuwa fupi. Salamu, baridi ya huku ni kali, halafu: "Nimeangalia kwa mashine. Florini hamna. Wape."

Nilirudi nyumbani baada ya mwaka mmoja na nusu, na nilirudi kwa vishindo. Nilivaa suti. Nilibeba kopo refu la bati lenye michoro yangu iliyokunjwa, na nilihakikisha kila mtu katika lori analiona. Pale Karatu nikashuka moja kwa moja mbele ya duka la yule mzee, nikamsalimu juu juu, nikaikunjua michoro juu ya kaunta yake, palepale penye kibaba na mizani, nikimsukumia sukari pembeni.

Mzee alifurahi kuniona. Akaniletea kiti. Kisha akasema, "Mwanangu, lile la unga, uliliangalia sawasawa? Maana tangu barua yako nimewauzia kaka yako na wengine."

"Mzee, njoo uone," nikasema. "Unaona mstari huu?"

"Naona mstari."

"Huu ni unga wako. Ungekuwa na florini, mstari huu ungepasuka."

Akavaa miwani yake, akainama akautazama mstari kwa adabu, kama anavyotazama hati ya mtu. "Kila florini inapasua mstari?"

"Kila iliyoshikana na fosforasi."

"Na ile ambayo haikushikana nayo?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo marefu. Nilisema hivyo hivyo, mambo marefu, kwa sauti ile ya kumfukuza mtu bila kumfukuza. Moyoni nilisema huyu mpima chumvi anataka kunifundisha kazi. Nikaikunja michoro yangu, nikakataa chai, nikatoka. Alinisindikiza hadi mlangoni na kunitakia safari njema, na mimi sikugeuka.

Kaka alikuja kunipokea kule juu kwenye ukingo wa kreta, mahali lori liliponishusha. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono, kisha akalichukua kopo la bati akalibeba yeye. Tulitembea tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Kila tuliyekutana naye njiani kaka alimsimamisha amwambie mimi ni nani, na wengi walishajua. "Huyu ndiye wa barua," walikuwa wakisema. Nikavimba kichwa. Sikujiuliza barua ipi.

Karibu na boma tuliwakuta ng'ombe wake wakirudi. Walikuwa wanakuja polepole, wamekaza miguu, na wawili walikuwa wanachechemea. Ndama mmoja alikuwa anakula majani akiwa amepiga magoti. Nikauliza kama wametoka mbali. Kaka akasema hapana. Nikasema basi labda ni mawe. Naye akakubali, labda ni mawe, maana siku zile chochote nilichosema alikikubali.

Mama hakunikubalia hivyo. Asubuhi ya pili aliniita, tukaenda wote kijitoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu nifike alikuwa ananitazama kama anayehesabu.

"Kaa hapo," akasema. "Waangalie wanavyokunywa."

"Wanakunywaje, yeyo?" nikauliza, nikimwita mama kwa Kimaa, lugha ya kwetu.

"Wewe angalia."

Maji ya Nainokanoka asubuhi ni baridi ya kuuma vidole. Ng'ombe walifika kwenye maji wakasimama. Ng'ombe mwenye kiu anazamisha mdomo anavuta, unasikia koo lake linavyofanya kazi. Hawa hawakuzamisha. Walitoa ulimi wakaramba, kidogo kidogo, wakitikisa kichwa. Wengine waliramba mara mbili wakaacha, wakabaki wanayatazama maji.

"Wanaramba kama mbwa," mama akasema. "Maji yanawauma meno. Siku hizi nawaleta jua likiwa kali, yakishapata moto. Leo nimewaleta mapema makusudi ili uone."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kula unga wako. Maziwa nayo yamepungua. Nilimwambia kaka yako aache. Nilimwambia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanijibu, yeyo, mdogo wangu ameangalia kwa mashine."

Akamshika mtamba mmoja pembe na pua, mwanamke yule mzee, akampandisha mdomo. Meno ya mbele ya yule mtamba yalikuwa yameota ndani ya mwaka ule. Yalikuwa yamelika, yana weupe wa chaki, na yamepita michirizi ya kahawia. Mama akayatazama, kisha akanitazama mimi kinywani.

"Kama yako," akasema, akamwachia.

Sikuhitaji mashine. Yule mzee wa duka alikuwa ameniuliza swali lenyewe juu ya kaunta yake na mimi nikamfanya mjinga. Na ile ambayo haikushikana nayo? Katika unga ule, ambao ni mawe ya fosforasi yaliyosagwa, florini haikushikana na fosforasi hata kidogo. Imeshikana na chokaa, imekaa jirani tu, na jirani hapasui mstari wa mtu. Fosforasi ingechora mstari mmoja safi hata kama florini ingejaa humo hadi shingoni. Miaka mitatu nilikuwa nimetazama florini ya aina moja tu, ile iliyokamatana na fosforasi, mpaka nikasahau kwamba duniani kuna nyingine. Mpumbavu wa kawaida asingeweza kukosea hivyo. Kosa lile lilimhitaji mtaalamu. Na mrija uliofifia, ambao kioo chake kililiwa na florini iliyokuwa ndani ya asidi, ulikuwa umeniambia, na fundi alikuwa ameniambia, na mimi nilikuwa nimewajibu wote wawili.

Nilimkuta kaka zizini akichanganya unga na chumvi kwenye gogo lililochongwa, kwa ajili ya jioni. Alikuwa anauchanganya kwa mikono, taratibu, asimwage. Nikamwambia aache. Nikamwambia yote, na kwa kuwa nilikuwa bado mimi, nilianza kwa kueleza: nikaingiza asidi, nikaingiza chokaa, nikaingiza foleni ya mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa mikono kwenye shuka yake.

"Wakati unaandika ile barua," akasema, "ulikuwa unajua, au ulikuwa unadhani?"

"Nilikuwa nadhani."

"Sasa kwa nini hukuandika kwamba unadhani?"

Ningeweza kumwambia nilikuwa na haraka, lakini siku ya kuandika barua sikuwa na haraka. Ningemwambia neno kudhani halikunijia, na hiyo ingekuwa kweli. Halikunijia kwa sababu nilikuwa namwandikia yeye. Kama ningekuwa namwandikia profesa wangu kuhusu unga ule ule, ningejaza ukurasa mzima wa labda na huenda na inaelekea. Kwa kaka niliona neno moja linamtosha.

Kaka akasema, "Wengine nao wamewapa. Itabidi uwaambie."

Hapo ndipo nilipojua maana ya "huyu ndiye wa barua." Kaka alikuwa ameichukua ile barua kwenye kikao cha wanaume wa pale, akamwomba mwalimu aisome mbele ya wote. Hakutaka kufaidi peke yake. Maboma mengine matano yakashuka Karatu na punda kuchukua unga, kwa ajili ya sentensi zangu tatu.

Wakakusanyika siku ya tatu, kwenye majani nje ya boma letu. Nilivaa suti, sijui kwa nini, labda nilidhani itanisaidia. Nikaanza kwa Kimaa changu kilichopata kutu. Nikasema habari za mstari na kupasuka kwake. Nikaona wanatazamana. Kaka, aliyekaa mbele, akanikatiza bila ukali.

"Barua ilikuwa fupi," akasema. "Na hili liseme kwa ufupi."

Nikasema: "Nilikosea. Unga una sumu inayokula mifupa na meno. Msiwape tena."

Hakuna aliyenitukana. Mmoja akauliza kama waliokwisha kulemaa watapona. Nikamjibu kwamba mfupa hausahau haraka, ndama wadogo huenda, wakubwa sidhani. Akatikisa kichwa, akasimama, akaenda kwake, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mwenye duka, nilipomwambia, alifunga duka lake mchana ule, akapanda lori hadi mwisho wa barabara, akatembea boma kwa boma kuwaomba radhi. Yeye, ambaye alikuwa amekataa kuuza. Mimi nilikaa nyumbani kwa mama nikiwa na homa ambayo sina hakika kama ilikuwa homa.

Wale wenye ng'ombe wengi walipata hasara wakaendelea. Kaka hakuwa na wengi. Alikuwa amewapa unga mwingi kuliko wengine wote, kwa kipimo na bila kuruka siku, kwa kuwa ulikuwa umepimwa na mdogo wake. Wasioweza tena kufuata malisho aliwateremsha mnadani Karatu mmoja mmoja, wakaenda kwa bei ya nyama, tena nyama ya ng'ombe aliyekonda. Msimu wa kiangazi uliofuata walibaki watatu, mama akabaki nao pamoja na mke wa kaka na watoto. Kaka akashuka kutafuta kazi. Mtu ambaye alivuka ukame ule mkubwa na kumi na mmoja akawafanya ishirini na kitu, akashindwa na barua ya mistari minne.

Mimi, bila shaka, nilipata kazi nzuri. Nchi ilikuwa mpya na ilikuwa inatafuta watu kama mimi, Mungu aisamehe. Nilipewa shule ya kufundisha, na nyumba yenye bati, na watu wakanisalimu kwa kuinama kidogo.

Nilimtembelea kaka mara ya kwanza baada ya miezi minne. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye shamba moja la ngano nje ya Karatu. Nilimwona kwa mbali kabla hajaniona, amekaa kwenye jiwe, rungu magotini, amevaa koti la khaki la tajiri juu ya shuka yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na maneno ya kumwomba msamaha, mazuri, niliyoyaandika kwanza kwenye karatasi. Na nilikuwa nimejiandaa pia kutukanwa, nadhani hilo ndilo hasa nililolifuata.

Akaniona, akainuka haraka, akafungua milango yote miwili ya geti kama ninavyoona wanavyomfungulia mwenye gari, ingawa nilikuwa kwa miguu. Akamwita mlinzi mwenzake aliyekuwa ndani ya kibanda, mtu mzima wa Kiiraqw, atoke nje anione.

"Njoo umsalimie mdogo wangu," akamwambia. "Huyu amesoma sana. Ukiwa na jambo linakusumbua, muulize yeye."

Nilimtazama usoni nione kama ananisimanga. Hakuwa ananisimanga. Yule mwenzake akavua kofia, akanipa mkono, akaanza kunieleza kwamba mbuzi wake wawili wanaumwa.